Pumu ya Watoto: Je, Ng'ombe Ana Kosa?



Msimu wa mvua uliopita tulitembelea kikundi kimoja cha kina mama, tukakuta mkutano umekwama. Kikundi hiki hupeana mitamba kwa zamu. Ng'ombe akizaa ndama jike, ndama huyo humwendea mwanachama anayefuata. Zamu ilikuwa imemfikia mama mmoja kijana, na mtoto wake wa pili, wa miezi minane, alikuwa amelala mgongoni. Mama huyo akasimama, akasema, "Mimi naachilia zamu yangu. Mpeni mwingine." Wenzake wakashangaa, maana alikuwa amengoja miaka mitatu na nyasi alikuwa ameshapanda.

Alipobembelezwa ndipo akasema. Mtoto wake wa kwanza, wa miaka sita, ana pumu. Usiku kifua kinalia kama filimbi. Mtu fulani amemwambia ati manyoya ya ng'ombe ndiyo yanaleta pumu, na akifuga, hata huyu mdogo atashikwa. Mama mkwe naye anasema ugonjwa umetoka kwao msichana. Mzee mmoja wa kikundi, nyanya wa wajukuu wengi, akamwuliza, "Sasa maziwa ya hawa watoto utatoa wapi?" Hakujibu.

Sisi pia siku hiyo hatukuwa na jibu kamili. Tuliomba mkutano uahirishwe wiki mbili, tukaenda kuuliza wenzetu wa afya na kusoma. Tunayaandika hapa tuliyorudi nayo, kwa sababu tunajua si kikundi kimoja tu chenye swali hili.

PUMU NI KITU GANI?

Hewa tunayovuta hupita kooni, ikaingia katika mabomba madogo yanayogawanyika kama matawi ya mti mpaka ndani ya mapafu. Kwa mtoto mwenye pumu, ngozi ya ndani ya mabomba haya huwa imevimba kidogo hata siku ambayo anacheza vizuri. Akikutana na kitu kinachomchokoza, kama moshi, vumbi, homa ya mafua au baridi ya usiku, misuli ya mabomba hukaza, uvimbe unazidi, na makohozi mazito yanaziba njia. Ule mlio kama filimbi ni hewa inayojaribu kupita mahali penye nafasi ndogo.

Pumu haiambukizi. Mtoto anaweza kula sahani moja na wenzake na kulala nao kitanda kimoja. Pia si uchawi, na haikuja kwa sababu mama alikula au alikataa kula kitu fulani cha kimila.

Mara nyingi pumu ina ndugu zake. Mmoja ni ukurutu, ngozi kavu inayowasha kwenye mikunjo ya mikono na magoti. Mwingine ni mafua yasiyoisha, mtoto anapiga chafya na kujikuna macho. Wa tatu ni mwili kukataa chakula fulani. Hawa wote wana asili moja tunayoiita mzio, au kama wengi wanavyosema, aleji. Mtoto akianza na ukurutu akiwa mchanga, ni vizuri kumwangalia zaidi kifua anapokua.

Je, ni kweli hutoka katika ukoo? Kwa sehemu, ndiyo. Mzazi mwenye pumu au ukurutu anaweza kumrithisha mtoto mwelekeo huo. Lakini unaweza kutoka upande wa baba au upande wa mama, kwa hiyo hakuna sababu ya kumnyoshea msichana wa watu kidole. Tena kurithi mwelekeo si kurithi ugonjwa. Mbegu ikianguka shambani, kuota kwake kunategemea pia udongo na mvua. Udongo na mvua ya pumu ni mambo yanayompata mtoto akiwa tumboni na katika miaka yake ya kwanza.

ASKARI WA MWILI NA MAFUNZO YAO

Mwili una askari wake wa kupigana na magonjwa. Mtoto anapozaliwa askari hawa ni wageni kazini. Hawajajua nani adui na nani jirani.

Fikirieni mbwa mdogo. Akifungiwa tangu utotoni asione watu, akikua atabwekea kila mtu, hata mwenye nyumba akirudi jioni. Lakini aliyelelewa katikati ya watu, mbuzi na kuku hujifunza mapema kunyamaza kwa wa nyumbani na kubweka kwa mwizi. Aleji ni mbwa anayebwekea wasio wezi. Askari wa mwili wanaamka kupigana na vumbi, chavua ya maua au yai, vitu ambavyo havikuja kudhuru, na vita hiyo ndiyo inayovimbisha kifua na ngozi.

Mwaka 1989 mtaalamu wa Uingereza, David Strachan, alichapisha habari za watoto zaidi ya 17,000 waliozaliwa katika wiki moja ya Machi 1958. Aliona kwamba waliokuwa na kaka na dada wengi wakubwa hawakupatwa sana na mafua ya aleji. Akauliza kama labda watoto wanaoishi wengi pamoja hupeana vijidudu mapema, na jambo hilo huwafundisha askari wa mwili. Swali hilo liliwafanya wengine waende kutafuta vijijini.

WATOTO WALIOLELEWA KARIBU NA ZIZI

Mwaka 2001 watafiti waliofanya kazi katika vijiji vya Austria, Ujerumani na Uswisi walitoa matokeo ya kushangaza. Waliwalinganisha watoto walioingia zizini na kunywa maziwa ya nyumbani tangu mwaka wao wa kwanza, na wale walioanza mambo hayo baadaye, kati ya mwaka mmoja na mitano. Katika kundi la kwanza, mtoto 1 kwa kila 100 alikuwa na pumu. Katika kundi la pili walikuwa 11 kwa kila 100. Angalieni vizuri: wote walikutana na ng'ombe. Tofauti ilikuwa ni lini.

Mwaka 2016 ukatoka utafiti mwingine Marekani juu ya jamii mbili za wakulima, Waamishi na Wahuteri. Asili yao ni sehemu zinazokaribiana huko Ulaya, na maisha yao yanafanana kwa mengi. Lakini Waamishi bado hulima na farasi, na kila familia ina ng'ombe wake karibu na nyumba. Wahuteri hulima kwa mashine mashamba makubwa ya pamoja, na watoto wao hawakai karibu na mifugo. Kati ya watoto wa shule wa Waamishi, kama 5 kwa kila 100 walikuwa na pumu. Kwa Wahuteri walikuwa kama 21 kwa kila 100. Watafiti wakachukua vumbi la nyumba za Waamishi, wakalitia puani mwa panya wa maabara, na panya hao wakakingwa na dalili za pumu. Vumbi la Wahuteri halikuwakinga.

Kwetu Kenya je? Mwaka 1998 kulichapishwa utafiti wa watoto wa shule wa Nairobi na wa Murang'a. Walikimbizwa, kisha pumzi zao zikapimwa. Nairobi, karibu 23 kwa kila 100 mabomba yao yalikaza baada ya kukimbia. Murang'a mashambani walikuwa 13. Kabla ya hapo, mwaka 1995, uchunguzi wa nyumba za watoto wa shule Nairobi ulikuwa umeonyesha kwamba nyumba za wenye pumu zilikuwa zaidi na unyevu mahali anapolala mtoto, hewa chafu ndani, na zulia chumbani. Sasa familia nyingi zina mguu mmoja mjini na mmoja kijijini, kwa hiyo habari hizi zinatuhusu sote.

LAKINI TUSIELEWANE VIBAYA

Mtu anaweza kusoma hapo juu akasema, "Basi uchafu ni dawa." La hasha! Kuna mambo matatu tunataka yaeleweke.

Kwanza, vijidudu vya zizini na vya udongo si sawa na uchafu wa choo. Kinyesi cha binadamu kikiingia katika maji au chakula huleta kuhara, na kuhara huua watoto. Kunawa mikono kwa sabuni baada ya choo na kabla ya kumlisha mtoto kubaki pale pale. Mtoto aliyeshika ng'ombe naye anawe kabla ya kula.

Pili, wale watoto wa Ulaya walikunywa maziwa ambayo mara nyingi hayakuchemshwa. Sisi hatushauri hivyo hata kidogo. Maziwa mabichi yanaweza kuleta brusela na kifua kikuu cha ng'ombe. Chemsheni maziwa.

Tatu, kuna utafiti uliofanywa Gabon, ukatolewa mwaka 2000, ulioonyesha kwamba watoto wenye kichocho hawakuonyesha sana aleji ya vumbi walipopimwa ngozi. Mtu asiseme tuwaache watoto na minyoo ili wasipate aleji. Minyoo hunyonya damu na kumdumaza mtoto, na kichocho huharibu ini na kibofu. Dawa za minyoo wanazopewa shuleni wamezeshwe.

ADUI TULIYE NAYE NYUMBANI: MOSHI

Tulipoingia jikoni kwa yule mama tuliona jambo ambalo hakuna mtu aliyekuwa amelitaja. Jiko la mawe matatu, dirisha moja la ukubwa wa kitabu limezibwa na gunia, na kuta nyeusi mpaka juu. Mtoto mchanga yuko mgongoni tangu moto unapowashwa mpaka ugali unapoiva. Kaka yake hulala chumba hicho hicho, na taa ni ya koroboi. Watu walikuwa wanamwogopa ng'ombe ambaye hajafika, na moshi amekaa nyumbani miaka yote.

Moshi wa kuni, magunzi, samadi kavu na mkaa una chembe ndogo sana zinazoingia mpaka mwisho wa mapafu. Huko Laikipia watafiti walifuatilia maboma 55, na mwaka 2001 wakachapisha walichoona: kadiri mtu alivyovuta moshi zaidi, ndivyo alivyougua zaidi magonjwa ya kifua. Mtoto ambaye mapafu yake bado yanakua huumia kuliko mtu mzima, na mwenye pumu hushikwa mara nyingi zaidi.

Habari hii huanza kabla ya kuzaliwa. Kufikia kama wiki ya 16 ya mimba, matawi ya njia za hewa huwa tayari yamegawanyika. Baada ya hapo yanakua ukubwa tu. Ndiyo maana sigara ya mama mjamzito, au ya baba anayevutia ndani ya nyumba, inaweza kumwachia mtoto njia za hewa nyembamba tangu siku ya kuzaliwa. Akina baba, kuvuta sigara mlangoni bado ni kuvuta ndani.

Watoto waliozaliwa kabla ya wakati au wadogo sana pia hukorota kifua zaidi. Kwa hiyo kliniki ya wajawazito, kulala ndani ya neti na kutibu malaria mapema ni kinga ya mapafu pia, maana malaria ya mimba humfanya mtoto azaliwe mdogo.

MAFUA YA MWAKA WA KWANZA

Kuna virusi vinavyowashika watoto wachanga kifua. Kimoja kinaitwa RSV, na wataalamu wa KEMRI kule Kilifi wamekichunguza kwa miaka mingi. Mtoto aliyelazwa hospitali kwa kifua cha namna hii akiwa mchanga ana uwezekano mkubwa zaidi wa kukorota baadaye. Hatuwezi kufungia mafua nje, lakini tunaweza kufanya haya: kumnyonyesha mtoto maziwa ya mama pekee miezi sita ya kwanza, kutompakata tukiwa na mafua bila kunawa mikono, na kukamilisha chanjo. Chanjo ya nimonia hutolewa Kenya tangu mwaka 2011.

Pia tuache tabia ya kununua antibayotiki dukani kwa kila kikohozi. Haziui virusi vya mafua, na huua vijidudu vyema vya tumboni vinavyosaidia kuwafundisha wale askari.

CHAKULA: TUSICHELEWESHE BILA SABABU

Zamani hata wataalamu walishauri kuwanyima watoto wadogo njugu na mayai ili kuepuka aleji. Mambo yamegeuka. Mwaka 2015 ulitolewa utafiti wa London uliofuata watoto 640 waliokuwa na ukurutu mkali au aleji ya yai. Nusu walilishwa chakula cha njugu tangu uchanga, nusu wakanyimwa. Walipofika miaka mitano, kati ya walionyimwa 17 kwa kila 100 walikuwa na aleji ya njugu. Kati ya waliolishwa walikuwa 3 tu.

Kwa hiyo mtoto akifika miezi sita na kuanza uji, hakuna haja ya kumficha njugu wala yai. Anza na kidogo, yai liive vizuri, na njugu zisagwe laini kabisa, kwa sababu njugu nzima inaweza kumpalia mtoto na kumwua. Njugu zilizoota ukungu zitupwe, zina sumu. Mtoto mwenye ukurutu mkali, au aliyewahi kuvimba midomo baada ya kula, aonwe na daktari kwanza.

MTOTO AMBAYE TAYARI ANA PUMU

Huyu hahitaji maneno ya kinga tu, anahitaji dawa. Dawa nzuri ya pumu ni ya kuvuta, siyo ya kunywa. Kuna ya kufungua kifua wakati amebanwa, na kuna ya kutuliza uvimbe ambayo hutumiwa kila siku hata akiwa mzima. Wengi hutumia ya kwanza tu, na mtoto anabaki akishikwa kila wiki. Muulizeni daktari kuhusu ya pili. Dawa ya kuvuta haimzoeshi mtoto vibaya na haidhoofishi moyo wake kama watu wanavyosema.

Mtoto mdogo hawezi kuvuta dawa vizuri moja kwa moja kutoka kwa kifaa. Watafiti wa Cape Town walionyesha mwaka 1999 kwamba chupa ya plastiki ya nusu lita, iliyotobolewa chini ili kifaa kiingie na kuzibwa vizuri, hufanya kazi sawa na ile ya kununua. Dawa inapulizwa ndani ya chupa, mtoto anavuta taratibu kwa mdomo wa chupa. Mwombeni muuguzi awaonyeshe.

Mkimbizeni hospitali mara moja mtoto asiyeweza kunyonya au kusema kwa kukosa pumzi, ambaye mbavu zinaingia ndani akivuta hewa, midomo imegeuka rangi ya samawati, au amelegea. Njiani akae wima, na aendelee kupewa dawa ya kufungua kifua. Msimfukize majani. Moshi na mvuke huo unaweza kummaliza.

MKUTANO ULIVYOISHA

Tuliporudi baada ya wiki mbili tuliwaambia kina mama hivi. Kwa yule mdogo, hakuna tulichokiona cha kutufanya tumwogope ng'ombe. Kulelewa karibu na zizi tangu uchanga kumeonekana kuwakinga wengi, ingawa si hirizi, na mtoto wa boma anaweza bado kupata pumu. Kwa yule mkubwa, mama amwangalie. Kama anabanwa akikaribia nyasi kavu au zizi, asitumwe kukata majani wala kufagia, na banda lijengwe mbali na chumba chake. Lakini cha kwanza ni moshi.

Kikundi kikakubaliana. Pesa za mzunguko za mwezi huo zikanunua bomba la moshi na mabati mawili. Mume wa yule mama na wanaume wengine wanne wakajenga jiko linalookoa kuni, wakafungua dirisha kubwa, na mtoto akahamishwa kulala chumba kingine. Godoro lilitolewa juani. Mtamba akaja mwezi uliofuata.

Hatusemi mtoto amepona. Pumu yake ipo, na mwezi huu alishikwa mara moja alipopata mafua. Lakini ana dawa zake mbili na chupa yake, na anaenda shule. Mdogo wake sasa anatambaa mpaka mlangoni mwa banda kumtazama ndama, na nyanyake, yule mama mkwe, ndiye anayemwosha mikono.

MASWALI YA KUJADILIANA KIKUNDINI

1. Katika nyumba zetu, mtoto mchanga hukaa wapi wakati moto unawaka? Tunaweza kubadilisha nini wiki hii bila pesa?

2. Ni watoto wangapi wa kikundi chetu wana kifua cha mara kwa mara au ukurutu? Je, wameonwa na daktari, au tunanunua dawa dukani tu?

3. Kikundi kinaweza kusaidia nyumba ngapi kwa mwaka kutengeneza jiko na bomba la moshi? Tuanze na nani?

4. Ni maneno gani yanayosemwa kijijini juu ya pumu ambayo yanawaumiza kina mama? Tutayajibu namna gani?